Ndege Aliyemeguka Mdomo

Mwezi uliopita nilimleta fundi apake rangi nyumba ya Mama, Unguja. Kijana wa watu, kazi yake safi, ila mdomo wake hauna breki. Alipofika juu ya mlango wa mbele akakimwagia maji kile kigae cha udongo kilichojengewa ukutani, akakisugua kwa brashi, kisha akaniita kutoka juu ya ngazi. "Dada, huyu ndege wenu kameguka mdomo. Nimtie saruji kidogo, apone?" Kabla sijajibu, Mama akadakia kutoka ndani, naye tulidhani kalala: "Amguse aone! Asiposhuka mwenyewe namshusha mie." Fundi akacheka, akahamia dirishani.

Mie sikucheka, maana harufu ilikuwa imeshanifika. Udongo uliochomwa tanurini, ukakaa miaka juani, ukija kumwagiwa maji unanuka kama mtungi mpya. Wenzangu mliokunywa maji ya mtungini mnaijua. Wengine harufu hiyo inawakumbusha nyumba za bibi zao. Mie inanipeleka Guangzhou, China, nina miaka tisa, nimekaa juu ya rundo la matofali, nimenuna mpaka midomo inauma, namtazama mwanamke wa Kichina kaushika mkono wa baba yangu.

Ngoja nieleze vizuri, msije mkamlaani marehemu bure.

Baba alikuwa muuza vigae. Vipya, vya sakafuni, vile vinavyong'aa mpaka mtu anaogopa kuvikanyaga. Unguja alikuwa mtu wa kupita. Wiki mbili yuko kwetu, wiki mbili yuko Tanga, ambako tuliambiwa ana duka. Mwaka huu Idi Ndogo anasali na sisi na Idi Kubwa anasali Tanga, mwakani inageuka. Nikawa najiuliza watu wa Tanga ni watu gani hao wasioweza kununua mfuko wa saruji mpaka baba yangu asimame pale. Nililichukia lile duka, wallahi. Akianza kufunga mkoba wake mie naingia mvunguni, sitoki. Naye hakunivuta hata siku moja. Alikuwa akipiga magoti sakafuni, akiiaga miguu yangu.

Basi biashara ikampeleka China, na safari ile akatuchukua, mie na Mama. Wakati huo watu wetu ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kwenda Guangzhou, hawajajaa kama baadaye. Tulipanga chumba na sebule ghorofani, mtaa wa Xiaobei. Mama akaanza kuwapikia wafanyabiashara, wa Dar, wa Mombasa, wa kwetu. Ikifika mchana viatu vimejaa mlangoni mpaka Mchina wa chumba cha jirani anaviruka, na harufu ya pilau inateremka ngazi kabla yake. Baba alizunguka maghalani, na kwa kuwa mwaka ule sikuwa na skuli, alizunguka na mie.

Ndipo nilipompata Baba mzima. Kila asubuhi anaamka yupo, kila jioni anakula yupo, hakuna Tanga, hakuna mkoba. Barabara za kule zilikuwa zimejaa baiskeli, zinakuja kama siafu, na kila tukivuka alinishika mkono mpaka vidole vinauma. "Baba, unaniumiza!" "Vumilia. Mkono utapoa. Ukinipotea hapa nakwenda kumwambia nani?" Nililalamika kila siku, na kila tukikaribia kuvuka nilimpa mkono kabla hajauomba.

Siku moja, tukitoka mtaa wa Sanyuanli kuangalia ghala, tukapita mahali panapovunjwa mtaa mzima ili barabara ipite. Katikati ya vumbi lilibaki jumba moja la zamani, milango yake imeshang'olewa. Baba akasimama ghafla. Nikatazama anapotazama, nami nikaganda. Kwenye mgongo wa paa, kutoka pembe mpaka pembe, palikuwa na watu. Watu wa udongo, kila mmoja urefu wa mkono wangu, wamevaa majoho, wengine wamepanda farasi, wengine wanachungulia kwenye viroshani vidogo. Kati yao simba, samaki wenye masharubu, makomamanga yaliyopasuka, ndege. Vyote vigae, vimefinyangwa na kuchomwa na kupangwa kimoja baada ya kingine, vingine vimebaki na rangi ya kijani, vingine vyekundu vitupu. Mie nilidhani ndio wenye nyumba, wamepanda juu kukataa kuvunjiwa.

Sasa nimesoma kidogo, najua. Katika karne ya kumi na tisa matajiri wa huko, ukoo kwa ukoo, walikuwa wakijenga majumba ya kuwaenzi wazee wao waliotangulia, na vigae vya mapambo wakiviagiza kwa wafinyanzi wa Shiwan, si mbali na Guangzhou. Kila ukoo ulitaka paa lake liwakoseshe usingizi watu wa ukoo wa pili. Kwa hiyo vigae vile vilifinyangwa kutia watu wivu tangu mwanzo. Mie nilichelewa tu.

Mafundi walikuwa wakivitoa kwa patasi, taratibu, wakiviteremsha kwa kapu na kamba. Na chini, akivipokea kimoja kimoja kama mkunga, alikuwepo Bi Feng.

Kazi yake ilikuwa kununua mabaki ya nyumba kongwe, milango, matofali, vigae, akiwauzia wanaojenga mikahawa na bustani. Watu wetu kule kila mwenye mali humwita laoban, yaani bosi. Baba, kwa adabu zake za Kiunguja, alimwita Bi Feng tangu siku ya kwanza, naye akaitika. Mzuri hakuwa, nilimkagua. Nywele kazikata fupi, viatu vya kiume, jino moja la dhahabu. Lakini alikuwa na kicheko kikubwa, cha kuinamia magoti, na Baba akawa anacheka naye vilevile. Wanaongea nini? Maneno machache ya Kichina, machache ya Kiingereza, yaliyobaki mikono. Nyumbani Baba alikuwa na Kiswahili chote, na hakucheka hivyo hata mara moja.

Tukawa tunakwenda. Uani kwake, kati ya marundo ya matofali, aliweka meza ya chini, akamimina chai kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa ya barazani. Vigae vipya vilivyotupeleka China vikasahaulika. Baba anazunguka, anachutama, anamfuta simba vumbi machoni kwa kanzu yake, kanzu ambayo Mama ndiye mfuaji! Bi Feng alinipa peremende kila siku. Sikuzila. Nilizigawa kwa watoto wa Kichina wa chini ya ghorofa letu, nikijiona nimemkomesha.

Halafu ikaja ile siku ya mkono. Bi Feng alikigeuza kigae kimoja chali, akautwaa mkono wa Baba bila haya, akalichukua dole gumba lake, akalikandamiza mahali fulani nyuma ya kile kigae. Baba akafumba macho. "Subhanallah," akasema. "Mwanangu, njoo. Hapa mfinyanzi alisukuma udongo mbichi kwenye kalibu, dole lake likabaki. Tazama, langu limetosha sawasawa. Mtu kafa zamani, babu wa babu yangu hajatahiriwa, na dole lake hili hapa. Njoo utie na lako."

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Kunanuka."

Bi Feng hakuelewa, akacheka tu. Leo najua alikuwa akimwonesha kazi ya mkono wa fundi. Wakati ule nilichokiona ni mkono wa Baba, na mkono ule ulikuwa wangu wa kuvukia barabara. Machozi yakanitoka. Nilipoulizwa nikasema vumbi.

Wiki ile ile Baba akampenda ndege. Alikuwa kwenye kigae chekundu kitupu, kisichopakwa rangi, kasimama juu ya tawi la mkomamanga, kageuza shingo kutazama upande, manyoya yake yamechorwa moja moja kwa kijiti. Baba akamwonesha kwa kidole: namtaka huyu. Bi Feng akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema, neno tulilolizoea madukani, hakuna. Akaingia kwenye rundo, akarudi na ndege wa pili, akawaweka pamoja mezani. Walikuwa wakitazamana. Mmoja alikaa juu ya paa kulia kwa mlango, wa pili kushoto, miaka yote hiyo, na mmoja bila mwenzake hauzwi. Wa pili patasi ilikuwa imemmegua ncha ya mdomo, lakini lazima waende wote.

Baba akacheka. "Umeona mwanangu? Kwao kilicho jozi hakitenganishwi." Kisha akasema, si kwangu, akisema na nafsi yake: "Vizuri tu. Nami nahitaji wawili."

Nahitaji wawili! Nyinyi mliokulia Ng'ambo, kule kwetu mjini Unguja, hamhitaji maelezo, lakini nitaeleza. Mtaani kwetu alikuwepo Bwana Makame, mume wa wake wawili, mwanamume muadilifu mpaka inachekesha. Akinunua samaki, samaki wawili wa kimo kimoja. Akinunua kanga, doti mbili, rangi moja, jina moja, asije mmoja akasomewa kijembe na mwenzake akasomewa dua. Alinunua hadi chekeche mbili. Kina mama barazani wakisema: mwanamume ukimwona sokoni ananunua mbili mbili, usimpeleleze, ana wawili. Na mie nilikuwa na miaka tisa, masikio yangu marefu. Ndege mmoja wa mlango wa Mama, ndege wa pili wa mlango wa Bi Feng. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nilimkuta Mama anachagua mchele. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuketi. "Mama, Baba anaoa Mchina."

Mikono ikasimama juu ya ungo. "Nani kakwambia?"

"Kanunua ndege wawili. Kasema mwenyewe anahitaji wawili. Na yule mwanamke kamshika mkono."

Nilitegemea kishindo. Nilishaichagua hata sufuria atakayoirusha. Mama akautazama mchele, akautazama, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Baba yako haoi Mchina."

"Umejuaje?"

"Namjua mume wangu."

"Basi ndege wa pili wa nani?"

"Kaa chini," akasema, "nisaidie kuchagua mchele." Na nilipokaa, aliniegemeza kichwa changu kwenye bega lake kwa nguvu, kitu ambacho hakuwa akikifanya akiwa na kazi. Nikamwonea huruma. Masikini, nikawaza, hajui kitu.

Jioni Baba akawaleta ndege, kawafunga kwenye gazeti, akawaweka juu ya mkeka bado wakinuka maji waliyooshewa. Mama akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya huyu, akapitisha juu ya yule, akaligusa lile pengo la mdomo kwa kidole.

"Chagua wewe," Baba akasema.

"Nipe huyu."

"Huyo kameguka."

"Nimeona. Ndiye ninayemtaka."

Baba akamfunika yule mzima kwa gazeti. Kisha akasema, "Mungu akuzidishie," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akaingia chumbani akafunga mlango.

Jamani, nilivyopasuka! "Mama! Kwa nini uchukue kibovu? Wewe ndiye wa kwanza!" Mama akaniambia ninyamaze nikalete sahani. Nikaleta sahani, lakini sikula. Niliwaza: mama yangu ni mjinga, kanyang'anywa mume na mdomo wa ndege kwa siku moja, na bado anauliza nani anaongezwa mchuzi.

Nilikaa na donge hilo mpaka siku tuliyokwenda kumuaga Bi Feng, safari ya kurudi nyumbani imeshakaribia. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea jicho ambalo asingelisahau. Tukakuta uani kuna bwana mmoja mnene, kavaa fulana, bakuli la tambi mkononi, na Bi Feng anamfokea, anamfokea kama Mama anavyomfokea Baba akiingia na viatu. Yule bwana hana habari, anavuta tambi. Nikamuuliza Baba ni nani. "Mumewe," Baba akasema. "Siku zote alikuwa kijijini, kaja jana."

Mume! Siku ile nilikula peremende ya Bi Feng, tena nikaomba ya pili. Akanishika dole gumba, akanipeleka kwenye kigae cha samaki, akanionesha nyuma. Lilikuwa tundu kubwa, dole langu likaelea humo ndani.

Njiani, mkono wangu ndani ya wa Baba, nikauliza kwa raha zangu: "Basi yule ndege mzima wa nani?"

Akanivusha kwanza, baiskeli zikapita. "Wa Tanga," akasema.

Nikaona sawa. Duka nalo lina mlango.

Baba alifariki mie nikiwa nimeshamaliza chuo, na alifia Tanga. Mama alipopokea simu alikaa kitako kitandani, akajifunika kanga, akaniambia: "Nenda msibani kwa niaba yangu. Mie nimeanza eda, sitoki. Utafikia nyumba ya Bi Mwanaidi." Nikauliza Bi Mwanaidi ni nani. "Nenda mwanangu," akasema. "Ukifika utajua, na umpe shikamoo yangu."

Nilifika. Sikuhitaji kuuliza nyumba kwa mtu. Juu ya mlango wa mbele, kajengewa ukutani kwa saruji safi, alikuwepo ndege juu ya tawi la mkomamanga, kageuza shingo upande wa pili, kinyume na wetu. Nilisimama pale na begi langu, watu wananipita na viti vya kukodi. Na wallahi, baba yangu kalala ndani hajazikwa, kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa huzuni. Kilikuwa wivu. Wao wana mdomo!

La pili likanijia ndani ya ukumbi, nilipomwona Bi Mwanaidi kakaa na kaniki yake ya eda, mtu mzima kuliko Mama kwa miaka mingi. Duka halikuwepo. Au lilikuwepo, lakini si duka lililomgawa Baba wiki mbili mbili. Nilimtafuta mke mwenza Guangzhou nzima, nikamkagua Bi Feng viatu hadi jino, na mke mwenza alikuwa chumbani kwetu anachagua mchele. Mama ndiye aliyekuja wa pili. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikapiga magoti, nikampa shikamoo yangu na ya Mama. Akaitikia zote mbili. Akanishika uso. "Mama yako alichagua aliyemeguka," akasema, "ili mie nipate mzima. Baba yenu aliniambia, mwenyewe akilia. Toka siku hiyo sikumsema vibaya tena, na nilikuwa nikimsema, mwanangu, sikufichi."

Ana binti, Zainabu, amenizidi miaka miwili. Pua ya Baba, vidole vya Baba. Baada ya mazishi tulikaa wawili kwenye ngazi za mbele, chini ya yule ndege.

"Nilikuwa namchukia huyu," Zainabu akasema, akinyanyua kidevu kuelekea mlangoni. "Kila nikiingia, kila nikitoka. Kwamba mwenziwe yuko kwa mtoto aliyechukuliwa China. Mwaka mzima hatukumwona Baba. Wewe ulikuwa naye kila siku?"

"Kila siku."

Akachezea ncha ya ushungi wake. Kisha akauliza, na hakunitazama: "Mkikatiza barabara, alikuwa anakushika mkono?"

Nilitamani kusema uongo. Nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini alikuwa na vidole vile.

"Alikuwa ananishika," nikasema. "Mpaka unauma."

"Alhamdulillahi," Zainabu akasema. Akanyanyuka, akasema anakwenda kuniletea chai, akapita chini ya ndege bila kumtazama. Nikakaa pale kungoja chai, mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa, na hakurudi.